Mdudu Aliyezama Kwenye Glasi

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Hata kanisani mguu wangu ulikuwa ukichezacheza mpaka mama ananifinya. Kwa hiyo nilipopata kazi mjini, Pasua, kwenye chumba ambamo wasichana kumi tulikaa kutwa tukifunga manyoya kwenye ndoano ili yafanane na wadudu, ndugu zangu walicheka sana. Wadudu hao walipelekwa Ulaya, kwa watu wanaovua samaki kwa raha zao. Walikuwa wa kuelea: samaki anamwona mdudu juu ya maji, anadhani ni chakula, ananasa.

Siku moja msimamizi, mzee aliyejifunza kazi hiyo kwa walowezi, alitutangazia kwamba mteja amechoka na wadudu wa hovyohovyo. Anataka wenye macho, wenye mabawa ya kupenyeza mwanga, wenye miguu iliyo na magoti. Watakaoweza kufikia Jumatatu watabaki, wengine waende makwao. Mimi kurudi kukaa kwetu Kirua Vunjo, mlimani, sikutaka hata kusikia. Kahawa ilikuwa haina bei, na kilichonisubiri huko ni jembe na maswali ya kuolewa.

Nilipanda mlimani jioni ileile, nikalala kifudifudi kando ya mfongo, ule mfereji unaoleta maji shambani kwetu, nikawachungulia wadudu. Macho nikayatengeneza kwa ncha za mshipi wa nailoni zilizounguzwa kwa kiberiti, mabawa kwa mfuko wa plastiki, na kila unyoya wa mguu nikaupiga fundo katikati ukawa na goti. Ijumaa nikampelekea mzee, kichwa juu. Akamweka mdudu wangu kwenye glasi ya maji. Akazama kama kokoto.

“Mzuri,” akasema mzee. “Ila amekufa maji. Umempa kila kitu, hukumpa cha kumshikilia juu. Tafuta manyoya magumu ya shingo ya jogoo mzee.”

Jogoo mzee niliyemjua alikuwa mmoja tu, wa baba, aliyemfuga kwa ajili ya Krismasi na kumsifia kwa kila mgeni. Jumamosi, baba akiwa shambani, nilimkamata nikamnyonyoa bila kuomba, kwa pupa, nusu ya manyoya nikayavunja. Jogoo akakimbia akipiga kelele, shingo wazi upande mmoja. Baba alipomwona hakuuliza ni nani. Aliacha tu kusema nami. Niliona aibu, na nilikasirika pia, maana siku zilikuwa zinakwisha na manyoya mazima hayakutosha hata mdudu mmoja.

Jumapili baada ya misa nikakata jani la isale. Kwetu, ukimpelekea jani hilo mtu uliyemkosea, hawezi kukunyima msamaha. Nikampa kwa mikono miwili.

“Shikamoo baba. Nimekosa. Mdudu wangu asipoelea kesho, kazi sina.”

“Marahaba.”

Alilitazama lile jani, kisha akatoka nje. Nilizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliporudi alikuwa na jogoo kwapani.

“Ng'oa upande wa pili. Mimi namshika. Taratibu sasa, na haraka zako hizo!” Mara akacheka. “Maisha yangu yote nawapulizia dawa wadudu kwenye mibuni, na mwanangu anawatengeneza.”

Jumatatu mdudu wangu alisimama juu ya maji kwa miguu yote sita. Nikabakishwa kazini. Siku hiyohiyo nilipanda nyumbani, karibu nakimbia. Baba alikuwa amekaa kihambani, kwenye shamba letu la urithi, shoka na jembe pembeni yake. Mwaka mzima alikuwa akisema kwamba ataing'oa ile mibuni aliyoachiwa na babu, apande nyanya, na mwaka mzima hakuigusa, kwa kukosa uhakika wa kipato kingine cha kutushikilia.

“Umepita?”

“Nimepita, baba.”

Ndipo nilipojua kwamba si mimi peke yangu niliyekuwa nikiingoja Jumatatu. Baba akainuka, akatemea mate viganjani, akaupiga shoka mbuni wa kwanza.