Kibali cha Mzee Baharia Nilikikosea Mimi, Si Uzee Wake

Mkosaji ni mimi. Nalisema hilo kabla sijaanza kucheka, maana nikianza kucheka sitamaliza na mtadhani naleta mzaha. Si mzaha hata kidogo! Nilimdanganya mzee wa watu kwa neno moja tu, tena nimekaa kwenye kiti changu cha kuzunguka, natafuna karanga.

Jina langu liacheni. Nina steshenari Manundu, Korogwe. Natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, najaza fomu za mtandaoni za ajira, za mikopo ya chuo, za vitambulisho, zote. Mtu anaingia hajui hata imeili ni mnyama gani, anatoka na namba ya ombi lake mkononi. Kazi naijua. Na najijua kwamba naijua, na ugonjwa wenyewe ndio huo.

Sasa sikilizeni utaratibu wangu. Mteja nikishaskani karatasi zake mara moja, nazitunza kwenye kompyuta, kila mtu na faili lake. Akirudi hata baada ya miaka miwili simtumi nyumbani. "Kaa mama, zako zote ninazo." Watu wanaipenda hiyo! Mtu ameshuka kutoka Bungu huko milimani, kalowa, cheti kakisahau kabatini, unamwambia ninacho, anataka kukubeba mgongoni. Wenzangu wa steshenari za jirani walikuwa wananuna kwa hilo tu.

Basi kuna mzee mmoja, nitamwita Mzee Baharia. Ni Mzigua wa Handeni. Aliondoka kijana kwa meli kutoka Tanga, akaishia Uholanzi, akafanya kazi kule miaka nenda rudi mpaka akachukua uraia wa kule. Mkewe alipofariki akarudi kwao kulima mahindi na machungwa, ila anaishi kwa kibali cha ukaazi, kwa sababu pasipoti yake ni ya Kiholanzi. Karatasi za kibali hicho nilizishughulikia mimi, ndiyo tukajuana. Ana mtoto mmoja tu, Zuhura, anafanya kazi Uingereza.

Siku hiyo akaingia dukani na kanzu iliyonyooshwa mpaka inakata.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Zuhura anaolewa!"

Nikapiga kigelegele hapo hapo, mbele ya wateja. Mzee akacheka mpaka machozi. Akasema yeye ndiye walii, baba wa kumwozesha, na hataki habari za kuwakilishwa na mtu. "Nataka mkono wa huyo kijana niushike mwenyewe, kwa mkono huu." Akanyoosha mkono nikauangalia, kama vile sijawahi kuuona mkono.

Zuhura alishamweleza kwa simu kwamba mwenye pasipoti ya Kiholanzi haombi viza akienda kutembea Uingereza. Anaomba kibali cha kielektroniki tu. Nikafungua ukurasa wa serikali ya kule kule, siyo zile tovuti za madalali zinazojifanya ndizo zenyewe, nikausoma mwanzo mwisho. Jamani, utamu! Hakuna kwenda ubalozini, hakuna alama za vidole, hakuna barua ya benki. Unaweka pasipoti, unaweka picha ya uso, unajibu maswali machache, unalipia, unasubiri. Wanasema kwa kawaida ni ndani ya siku tatu za kazi. Ukikipata unaingia na kutoka kwa miaka miwili, kila safari isizidi miezi sita. Ni cha kutembea tu, si cha kuhamia wala kutafuta kazi. Nilichangamka utadhani ninayesafiri ni mimi.

Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa pasipoti, akaiweka mezani. Nikamrudishia bila hata kuifungua.

"Weka mfukoni mzee wangu, isije ikamwagikiwa chai. Yako ninayo kwenye mashine tangu mwaka juzi."

"Unayo?"

"Ninayo!"

Akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akairudisha mfukoni. Watoto wa siku hizi, akasema.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi. Ombi limekubaliwa! Nilipiga ukelele mpaka Mama Vitumbua wa pale nje akaja mbio akidhani nimepigwa shoti ya umeme. Nikaliprinti kwa rangi. Halafu nikalipiga laminesheni. Ukurasa wenyewe unasema kibali kinakaa kwenye kompyuta zao, lakini kwetu hapa karatasi isiyo na laminesheni ni karatasi gani hiyo?

Mzee alipokuja kuichukua aliibeba kwa mikono miwili. Na mtaa mzima ukapata habari, kwa sababu niliusambazia mimi mwenyewe. Nikaanza kuitwa Balozi. "Balozi, habari za asubuhi!" Nami naitika, tena kwa sauti nzito. Mama Vitumbua akaja na yeye anataka cha kwake, kinachotoka kwa siku moja.

"Mama, hicho ni kwa pasipoti za nchi fulani fulani tu. Ya kwetu inaomba viza kamili."

"Kwani ya kwetu ina nini?"

"Mimi nitajuaje?"

"Sasa wewe ni balozi gani hujui?" Tulicheka siku hiyo, loo!

Harusi ilikuwa Jumamosi. Mzee akateremka Dar kwa mpwa wake, na Alhamisi akaenda uwanja wa ndege. Saa nane mchana simu yangu ikaita.

"Mwanangu, wananiambia kibali sina."

"Waonyeshe ile karatasi!"

"Nimewaonyesha. Wamesema ni nzuri sana."

"Ehe?"

"Wanasema wao hawaangalii karatasi. Wanaingiza namba ya pasipoti kwenye kompyuta. Na pasipoti hii wanasema haina kitu."

Nikafungua faili lake. Nikamwomba mtu wa kaunta anisomee namba. Yarabi! Haikufanana hata kwa bahati mbaya.

"Mzee, hiyo pasipoti ni mpya?"

"Mpya, ya mwaka jana. Ile nyingine ilibaki na kurasa mbili, nikaenda ubalozini wakanipa hii. Ile wakaitoboa, wakanirudishia."

Kibali kile kinafungwa na namba ya pasipoti uliyoombea. Ukibadilisha pasipoti unaomba upya, hata kama ni jana tu walikukubalia. Na liliandikwa kwenye ukurasa, tena nililisoma! Nilichokuwa nimemwombea mzee ni kibali safi kabisa cha pasipoti yenye tundu.

Hapo ningesema, mzee, kosa langu. Maneno matatu! Lakini kabla sijafungua mdomo, yeye akauliza taratibu: "Mwanangu, au siku ile mimi ndiye nilikupa ile ya zamani?"

Dukani walikuwa wamekaa wateja wanne. Wote wananitazama, Balozi wao.

"Inawezekana, mzee wangu," nikasema. "Umri tena."

Halafu akasema, "Ni kweli. Uzee huu. Nisamehe mwanangu, nimekusumbua."

Yeye ndiye akaniomba msamaha! Na mimi nikaupokea. Nikamwambia usijali mzee wangu, kana kwamba nimetoa sadaka.

Nikaomba upya saa ile ile, mpwa wake akanitumia picha ya pasipoti mpya kwa simu. Lakini ndege haimngoji mtu. Ikaondoka bila yeye. Ijumaa nimekaa na imeili, naifungua kila dakika, kimya. Jumamosi asubuhi, kimya. Yale majibu ya haraka haraka niliyojitapia mtaani hayakuonekana.

Kule Uingereza watu walishafika. Sheikh akashauri baba amteue mtu wa kumwakilisha, kwa simu, inafaa, nikah ifungwe. Zuhura akakataa! Kakaa na shela lake, kasema, "Mimi siolewi baba yangu yuko kwenye kisimu. Kuleni pilau, harusi nitawaambia siku." Na watu wakala kweli! Wamekula pilau la harusi ambayo haijafungwa, bwana harusi naye anagawa soda, mke hana. Nikiikumbuka nacheka mpaka mbavu zinauma, kisha nakumbuka ni kazi ya nani.

Kibali kikaja Jumamosi jioni. Mzee akafika Jumatatu. Nikah ikafungwa Jumanne sebuleni kwa Zuhura, mashahidi wametoka kazini na sare zao, na mzee akaushika ule mkono.

Aliporudi akaja moja kwa moja dukani. Kaniletea bati la biskuti na kitambaa cha gauni, na salamu za Zuhura. "Bila wewe mwanangu nisingefika." Akawageukia wateja: "Huyu binti mtunzeni." Nikala zile biskuti. Tamu! Nikazila zote.

Ningeishia hapo labda nisingeandika. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba mzee amefika, binti ameolewa, yamekwisha.

Hayakwisha. Mzee akaanza kutembea na kidaftari. Nilidhani ni mambo ya shamba, siku moja akanionyesha mwenyewe. Ameandika: nimefunga mlango. Nimekunywa dawa. Nimemlipa kijana wa maji. Aliacha kupanda pikipiki yake. Akinunua kitu ananiuliza, "Nimeshakulipa?" na alishanilipa. Mtu aliyezunguka dunia nzima baharini! Nikawa namwambia uko sawa mzee, anatabasamu tu, anaandika kwenye daftari.

Mwezi uliopita akaja, akakaa, akavua kofia.

"Mwanangu, kile kibali cha kutembea hakinifai tena. Zuhura anasema sipaswi kuishi peke yangu na akili hizi. Nijazie fomu za viza ya kwenda kukaa kabisa. Shamba nimeshampata mtu wa kulinunua."

"Shamba la machungwa?"

"Lote. Nikisahau jiko linawaka, nani atajua?"

Jamani! Nilihisi moyo umedondoka kwenye printa. Mzee anauza ardhi ya babu zake, anahama kwao kwa mara ya pili, kwa sababu ya "inawezekana" yangu!

Nikafunga mlango wa duka mchana kweupe. Nikapiga magoti hapo sakafuni kwenye vipande vya karatasi. Nikamwambia yote. Kwamba alinipa pasipoti sahihi, aliiweka mezani, mimi ndiye nilimrudishia bila kuifungua. Kwamba nilijua tangu Alhamisi ile ile. Nililia na kamasi juu.

Mzee akaigeukia meza. Akanigeukia tena mimi. Nikasema leo nitalaaniwa kwa Kizigua.

"Niliiweka mezani?"

"Uliiweka, mzee."

"Ile mpya?"

"Ile mpya."

Akasimama. "Niliiweka mezani!" Akapiga meza kofi, karanga zikaruka. Akaanza kucheka, haki ya Mungu, anacheka huku anazunguka dukani kwangu ananengua mabega! Akafungua mlango, akamwita Mama Vitumbua: "Mama, mimi sijazeeka! Huyu ndiye mjinga!" Mama wa watu haelewi kitu, anapiga makofi tu. Akampigia Zuhura palepale: "Mwanangu, akili ninayo! Niliiweka mezani!" Zuhura alipoelewa, akaomba apewe mimi. Alichoniambia sikiandiki hapa, na chote nilikistahili.

Shamba haliuzwi. Mnunuzi karudishiwa maneno yake, kanuna. Kile kidaftari mzee alikitupa kwenye ndoo ya taka ya dukani kwangu, na pikipiki nimeisikia wiki ile ile.

Ila msidhani nilisamehewa bure. Alipomaliza kucheka alivaa kofia, akanishika bega. "Nimekusamehe mwanangu, kwa Mungu nimekusamehe. Lakini fomu zangu kuanzia leo nampelekea yule wa ng'ambo ya barabara." Na anampelekea! Nikiwa dukani namwona anaingia kule, ananipungia mkono kwa furaha, na wateja wangu wengine wamemfuata. Ubalozi umehamia ng'ambo. Mama Vitumbua sasa ananiita Balozi Mstaafu.

Nawaambia wenzangu mnaojaza fomu za watu, na wewe unayesoma huku unajua una lako la namna hii. Kosa lenyewe lilirekebishika kwa siku mbili, wala halikuniua. Kilichotaka kuniua ni kumwacha mtu alibebe yeye. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama dukani wamejaa, hata kama wanakuita Balozi. Usiporudi kumwambia, mwenzio yuko nyumbani kwake na daftari, anajichunguza akili zake, na wewe huku unakula biskuti zake.