Kilomita ya Thelathini, Mbele ya Mama Mkwe

Mara mbili nilikuwa nimeingia mbio ndefu, na mara zote mbili nilizimaliza nikiwa nimekaa. Waandaaji hutuma lori lifuate wakimbiaji polepole, liokote walioshindwa. Likikupita, barabara inafunguliwa kwa magari na wewe unapanda. Mara ya pili mke wangu alinitazama nikiteremshwa kwa kushikwa mkono kama mgonjwa, akasema, "Ukirudi tena ndani ya lori, hivi viatu nampa ndugu yangu." Ndugu yake anavaa saizi yangu. Nilijua hatanii.

Ya tatu ilikuwa ile ya kandokando ya ziwa, kutoka Mbita hadi mjini Homa Bay. Nilijiandaa kwa utaratibu. Kila asubuhi nilikimbia barabara ya kutoka Migori kuelekea Kehancha, ambako ni kwetu, na watu wa boda boda wakaniuliza kila siku ni nani ananifukuza. Nilisoma ramani ya njia hadi nikajua kila mlima na kila meza ya maji. Niliona pia kwamba tutapita mbele ya boma la wakwe zangu, na hilo halikunitia wasiwasi. Mama mkwe ni Msabato, mbio zilikuwa Jumapili, na Jumapili kwake ni siku ya shamba.

Hapa lazima nieleze habari ya kaptula. Kwetu Kuria, mwanamume hampi mama mkwe mkono, hakai karibu naye, na hamwonyeshi mguu. Kwa Waluo, ambako nimeoa, ni vivyo hivyo. Katika jambo hili makabila yetu hayana ugomvi. Tangu nioe, mama mkwe alikuwa ameniona nimevaa koti na tai tu, hata kwenye joto la ziwa linaloyeyusha sabuni. Sasa nilikuwa na kaptula ya wakimbiaji, ile iliyopasuliwa ubavuni, kana kwamba fundi aliishiwa kitambaa akaona aibu kusema.

Tulianza alfajiri. Vijana wembamba wakatoweka, wanene wenzangu wakatoweka pia, na baada ya nusu ya njia nilibaki na ziwa kushoto, vilima kulia, na mlio wa lori kwa mbali nyuma. Nilikuwa wa mwisho, lakini nilikuwa nakimbia.

Karibu na kilomita ya thelathini, mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa wa omena juu ya nyavu aliinuka akanisimamisha kwa mkono, kama askari wa barabarani.

"Wewe ndiye yule Mkuria? Mkwe wa mwenyekiti?"

"Mwenyekiti gani?"

"Wa kikundi chetu cha wamama. Si ndio wamepewa kazi ya maji? Yuko hapo mbele tangu asubuhi. Kila mtu akipita anaulizwa kama amekuona." Akanipima kuanzia viatu kwenda juu, macho yakasimama kwenye mapaja. "Na unaenda hivyo?"

Nilitazama kushoto: maji. Kulia: ua wa miiba. Nyuma: lori.

"Mama, naomba leso."

Alifungua leso yake ya nje, yenye maua makubwa ya njano, akanifunga mwenyewe kiunoni kwa nguvu za mtu aliyezoea magunia. "Kimbia na hatua ndogo," akasema. "Kama bibi harusi."

Ndivyo nilivyofika kwenye meza ya maji. Kelele zilianza kabla sijafika. "Orwa! Orwa!" Mkwe wetu! Wamama wakapiga vigelegele, na nikamwona mama mkwe kwa nukta moja tu kabla hajajificha nyuma ya turubai. Heshima inatubana sote wawili. Nilinyoosha mkono nichukue kikombe nipite.

"Mwambieni mkwe wangu," sauti ikatoka nyuma ya turubai, "hapa hatunyweshi wakwe wakiwa wamesimama kama ng'ombe mtoni."

"Mwambieni mama," nikamjibu yule aliyekuwa karibu, ingawa turubai lilikuwa hatua tatu kutoka kwangu, "nashukuru, lakini niko kwenye mashindano."

"Mwambieni namwona. Mashindano na nani? Wengine wote walishapita."

Kiti kililetwa, chenye kitambaa cha kufuma. Maji ya kunawa yakaletwa. Halafu kuku mzima, na ugali unaofuka moshi. Kukataa chakula ukweni ni jambo ambalo lingeitishiwa kikao, na kikao hicho kingenifuata hadi Kehancha. Nilikaa, leso ikiwa imebanwa magotini, nikala kwa kasi kubwa kuliko nilivyokimbia tangu asubuhi.

Lori likatokea kwenye kona. Dereva akapiga honi. Nyuma walikaa watu sita wenye nyuso za msiba, na niliona nafasi yangu kati yao, wazi kabisa.

"Mzee, panda twende!"

"Mwambieni dereva azime gari," ikasema sauti ya turubai. "Kuna mkwe anakula."

Dereva alichungulia dirishani. "Ni mkwe wa boma hili?"

"Wa hapa hapa."

Akavua kofia, akazima gari. "Hapo siwezi kumpita," akawaambia abiria wake. "Mimi mwenyewe nimeoa kwa Waluo, kule Karungu." Wote wakashushwa, wakanawa, wakagawiwa kilichobaki. Simu ya dereva ikalia, nadhani ni waandaaji, kwa sababu nilimsikia akisema, "Hapana, hakuna ajali. Ni mambo ya ukwe."

Niliaga turubai kwa heshima zote, nikaondoka. Kilomita kumi na mbili zilizobaki sitamtakia adui. Kuku alipanda na kushuka kila hatua. Lori lilinifuata polepole, na wale sita, sasa wameshiba, walikuwa makocha. "Vuta mguu, shemeji! Leso juu kidogo!" Kwenye mlima wa mwisho nilisimama, nikashika magoti. Dereva naye akasimama, akaangalia ziwa upande wa pili, kama mtu asiyeniona.

Mjini walikuwa wanashusha lango la mwisho. Honi ya lori iliwafanya vijana wawili waliinue tena, mmoja upande huu na mwingine ule, nikapita chini yake nikiwa nimeinama. Nishani ilitolewa kwenye sanduku lililokwisha kufungwa.

Mke wangu alikuwa ukingoni mwa barabara. Alitazama lori, akanitazama mimi, akalitazama lori tena.

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

Alinivua nishani shingoni, akaigeuza, akanivisha tena vizuri. Kisha akampigia mama yake, wakaongea kwa Kijaluo kwa muda mrefu, akicheka hadi akashika tumbo.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema mwaka ujao upite mapema. Leo ugali alikupikia mara tatu, ukipoa anapika mwingine."