Simu Iliyojaa Maharusi

Jeruto alikuwa na ila moja kubwa: hakujua kukataa. Ukimwomba chumvi, alikupa na kijiko chake. Kwao Kapsowar, milimani, ila hiyo haikumdhuru sana kwa kuwa majirani walikuwa mbali. Alipoajiriwa muuguzi wa zahanati ya Chundwa, kisiwani, ambako nyumba zimeegemeana kama watu wanaonong'onezana, ila ikapata pa kumea.

Ilianza na harusi moja. Siku ya bibi harusi kutolewa nje mbele ya wanawake wenzake, nywele wazi na hina hadi viwikoni, marufuku ya simu ilitangazwa mlangoni kama kawaida. Picha ya namna hiyo haifai kukaa katika simu ya mwenye mume, kwa kuwa mume huishika. Wala ya mwenye kaka, kwa kuwa kaka ana marafiki. Wala ya mwenye watoto, kwa kuwa watoto ndio hatari kuliko wote. Bibi harusi akalia kwamba atazeeka bila ushahidi kuwa aliwahi kupendeza. Ndipo Bi Hindu, ambaye neno lake pale mjini halirudi nyuma, alipomwona Jeruto pembeni na sahani ya biriani mapajani.

“Huyu hana mume,” alisema. “Kaka zake wako huko milimani na ng'ombe. Hata wakiona, watamjua nani? Daktari, toa simu.”

Jeruto akatoa. Miaka mitatu baadaye simu yake ilikuwa na picha elfu nne na mia mbili za wanawake wa Chundwa: maharusi wanane, hina za kila sikukuu, madera mapya, na video ya dakika arubaini ya Bi Mahfudha akicheza ngoma ambayo mwenyewe aliapa hajawahi kuicheza. Kila Alhamisi jioni wenyewe walikuja kibarazani nyuma ya zahanati kujitazama. Jeruto aliwachemshia chai.

Kitu kingine kilichokula nafasi humo simuni kilikuwa ramani.

Wakati wa mahindi, jamaa nyingi za Chundwa huhamia mashambani kuyalinda na tumbili, na watoto huhama nao. Mwaka wake wa kwanza Jeruto alitoka kutoa matone ya polio kwa kuuliza njia. Akaambiwa, kwa lahaja ya pale, afuate ndia upande wa kibla mpaka palipokuwa mkwaju. Mkwaju ulianguka kabla yeye hajazaliwa, na kibla aliijua kwa kuisikia tu. Saa nane mchana alikuwa mikokoni, maji yanajaa, kisanduku cha barafu cha chanjo kikiwa kichwani. Watoto tisa walikosa matone, na katika ripoti walikaa kwa wino mwekundu mwaka mzima, naye kila akiifungua aliwahesabu.

Baada ya hapo alipakua ramani ya kisiwa chote, ile ya picha za angani isiyohitaji mtandao, na kila alipofika nyumba ya shambani alitia alama na kuipa jina. Sasa alikuwa na nyumba thelathini na saba.

Matone yalikuwa yaanze Jumamosi. Alhamisi asubuhi, Bwana Abdulghafur, msimamizi wake aliyekaa Lamu, alituma ujumbe kwamba programu ya kuripoti imebadilishwa. Kila muuguzi apakue mpya kabla ya kutoka, au kazi yake haitahesabiwa. Jeruto akajaribu. Simu ikamwambia nafasi imejaa. Kisha, kwa upole wa mtu asiyekujua, ikampendekezea afute ramani, kwa kuwa ni kubwa na haijaguswa kwa miezi mitatu.

Kuhamisha picha hakukuwezekana. Simu haikuwa na tundu la memori kadi, na mtandao wa pale ungechukua hadi Ramadhani kupandisha harusi moja. Ikabidi zifutwe. Lakini utafutaje harusi ya mtu bila ruhusa yake?

Jioni walipokuja aliwaeleza, akikitazama kikombe chake. Walisikitika kwa dhati. Kisha kila mmoja akataja picha za mwenzake ambazo zingeweza kufutwa.

“Hiyo ngoma ya Mahfudha,” alisema Bi Hindu. “Dakika arubaini! Na hatua ni moya tu, anairudiarudia.”

“Na wewe picha zako ishirini za dera la njano?” Bi Mahfudha akajibu. “Umesimama mlangoni. Umesimama mlangoni. Umesimama tena mlangoni. Mlango wenyewe umechoka.”

Saa nzima walifuta picha tatu. Mbili zilikuwa za kidole.

Nusra, bibi harusi wa mwaka jana, ndiye aliyesoma kuliko wote pale. Akaichukua simu aone nini hasa kinachoijaza. Akafungua ramani.

“Da Jeruto,” alisema, “hii ‘Maneno Saa Mbili’ ni mahali gani?”

Jeruto akaweka kikombe chini. Majina yale aliyaandika kwa ajili yake peke yake, juani, ili asisahau.

“Iko karibu na kisima cha mashariki,” Nusra aliendelea, akikuza picha kwa vidole viwili. “Ina paa la makuti na... Bi Hindu, si ni shambani kwako hapa?”

Bi Hindu akakanusha kwamba yeye ana maneno mengi. Alikanusha tangu mwanzo, akapitia utoto wake, akamleta marehemu mama yake awe shahidi, akaeleza tofauti ya maneno na mawaidha, na alipofika kwenye tabia ya shemeji zake chai ilikuwa imepoa na hakuna aliyethubutu kuitazama saa.

Bi Mahfudha alicheka hadi akashika nguzo. “Nisomee na mimi!”

“‘Chapati Mbichi’,” alisoma Nusra.

Kicheko kikahamia kwa wengine. ‘Mbuzi Mwenda Wazimu’. ‘Choo Hakina Mlango’. ‘Anajificha Nikija’. Kila jina lilipatiwa mwenyewe papo hapo, bila shida hata kidogo, na hilo ndilo lililowaudhi zaidi. Kisha Nusra akasoma moja kimoyomoyo, akaificha simu kifuani. Bi Mahfudha akampokonya simu.

“‘Mume Anafua’!” alipaza. “Nusra! Harith anafua?”

“Na anaanika,” alisema Nusra, shingo juu.

Bi Hindu aliinua mkono. Alikuwa ameshaamua. “Futa hiyo ramani, Daktari. Umepata nafasi yako, picha zetu zimebaki, na aibu imeondoka. Simu yenyewe imekushauri. Wee Mahfudha, kitufe ki wapi?”

Bi Mahfudha alikuwa ameshakipata. Kwenye kioo palikuwa na swali: Futa ramani? Kidole chake, chenye hina ya sikukuu, kilikuwa hewani.

Jeruto alisimama, akakishika kile kidole.

“Hapana,” alisema.

Wote walimtazama. Miaka mitatu walikuwa hawajalisikia neno hilo kinywani mwake. Yeye pia lilimshangaza, akalisema tena aone kama litatoka.

“Hapana, Bi Mahfudha. Mbuzi Mwenda Wazimu ndiko kwa Hadil. Zaki wake alikosa matone mwaka ule nilipopotea, yeye na wenzake wanane. Ramani ikifutwa, Jumamosi nitawafuata wapi? Kwenye mkwaju ulioanguka?”

Hadil hakuwapo, alikuwa shambani akifukuza tumbili. Lakini shangazi yake alikuwapo, akainamisha kichwa.

“Majina nitabadilisha,” Jeruto alisema upesi, kabla ujasiri haujamwishia. “Kila mtu achague lake. Lakini jina moja ni picha mia mbili.”

“Mia mbili!” Bi Hindu alishika kifua. “Daktari, umejifunza wapi biashara? Hamsini.”

“Mia mbili, Bi Hindu. Ama ‘Maneno Saa Mbili’ ibaki.”

Walimtazama kama wanaomwona kwa mara ya kwanza, na kwa kweli baadhi yao walipendezwa. Bi Hindu akalitoa dera la njano lote, na mlango wake. Bi Mahfudha akaitoa ngoma. Alipoambiwa video hiyo peke yake inatosha, akafuta na picha za wifi yake kwa ridhaa ya moyo. Magharibi ilipoadhiniwa programu mpya ilikuwa imeingia, nafasi ikabaki, na ramani haikupungua hata mti.

Nusra peke yake alikataa kubadilisha. “Liache hivyo hivyo,” alisema. “Wasome.” Akatoa picha mia mbili bure.

Jumamosi Jeruto alitembea na kisanduku chake kutoka ‘Mama wa Wote’ kwenda ‘Mkono Mtamu’, akapita ‘Kasri la Subira’, akamkimbia mbuzi wa ‘Bustani ya Amani’. Majina yalikuwa hayamwambii kitu, lakini vidoti havikuhama.

Jioni alipanda juu ya birika la kale la maji ya mvua, mahali pekee penye mtandao wa kuaminika, akampigia Bwana Abdulghafur. Programu mpya ilitaka jina la kila nyumba, na msimamizi alitaka kuyalinganisha na yaliyomfikia.

“‘Malkia wa Mashariki’,” Jeruto alisoma. “Watoto wanne.”

“Malkia? Haya.”

“‘Wivu Haufiki Hapa’. Mmoja.”

“Sista Jeruto, hii ni chanjo au taarab?”

“Ndivyo wenyewe walivyosema, Bwana. ‘Mume Anafua’. Wawili, wageni kutoka Mkokoni.”

Kisha sauti ya chini: “Usilipaze hilo. Niko nyumbani, na simu iko kwenye spika.”

Kwa mbali sauti ya mwanamke iliuliza ni nani huyo anayefua, na ni wa wapi.

“Tuendelee,” alisema Bwana Abdulghafur haraka. “Waliokosa ni wangapi?”

“Hakuna.”

“Sikusikia.”

Jeruto alijua amesikia, lakini akalirudia, mara mbili, kwa sauti iliyofanya hata wa chini ya birika wainue vichwa.