Tone la mafuta ya freni

Mi ndiye nilimuua Jumaa. Watu wote wanasema gari lilikuwa zee. Apana! Ni mi, kwa mikono yangu hii.

Nilikuwa musichana peke yangu sekisheni ya mekanike, kwenye lise yetu, shule ya sekondari, hapa mujini Buja. Wavulana walizoea kunicheka: "We dada, rudi jikoni!" Iliniuma sana. Basi Sefu, mwalimu wetu wa atelye, pale karakana, aliposema atakayemaliza freni wa kwanza atapelekwa staji, kujifunza kazi kwenye garaje kubwa ya mutaa wa Asiatique, nikaapa kwamba ni mi.

Nikabadilisha mupira wa freni, ule unaopitisha mafuta, kwenye gurudumu la mbele la gari nililopewa. Nilipokanyaga pedali kujaribu, nikaona tone la mafuta linashuka pale nilipoufunga. Unavuja. Jamani, nilijua! Dawa yake ni kufungua na kuanza upya, lakini wenzangu walikuwa karibu kumaliza. Nikalifuta kwa kitambaa, nikaita: "Sefu, tayari!"

Sasa, kwetu kuna desturi: aliyetengeneza freni anapanda gari pamoja na mwalimu, wanashuka nalo muteremuko wa Kiriri. Ukiogopa kupanda, kazi yako haijaisha.

Sefu akawasha gari. Nikashika tumbo, nikadanganya kwamba naumwa.

Jumaa, mwenzetu wa darasa, yeye peke yake hakuwahi kunicheka, akasema: "Sefu, muache dada apumuzike. Mi nitapanda kwa ajili yake. Kazi yake naiamini."

Yooo, Mungu wangu! Mulango wa gari ulikuwa wazi bado. Ningesema tu "shuka", angeshuka.

Katikati ya muteremuko pedali ikazama mpaka chini. Gari likapiga ukuta upande wa Jumaa. Sefu alitoka amevunjika mukono. Jumaa tulimuzika kesho yake.

Kwenye matanga mama yake akanishika mikono. "Mwanangu, usilie hivyo. Mungu alikuepusha, umushukuru." Nikaitika amina. Mushenzi mi, niliitika amina!

Na staji nikapewa.

Nyinyi munaojifunza ufundi, tafazali, mukikosea semeni wakati gari bado limesimama. Watawacheka, ndiyo, halafu saa sita mutakula sahani moja. Mi siku hizi hakuna anayenicheka. Kila Idi mama Jumaa ananitumia pilau, na sijui nitamuambia nini.