Kioo Kilichogongwa kutoka Ndani

Mume wangu aliniambia ni jiwe. Alikuwa amerudi jioni kutoka Bujora, tunakojenga banda la kuku, na kioo cha mbele cha gari kilikuwa na ufa mrefu ulioshuka mpaka chini upande wa abiria.

"Lori la mchanga," alisema huku akivua viatu. "Lilinipita pale Kisesa, likarusha jiwe."

Nikamwambia asihangaike, bima yetu ni kubwa, watalipa. Nilidhani atafurahi. Badala yake akasema, "Ya nini usumbufu wote huo? Nitatafuta fundi Igoma aweke kingine, yaishe."

Huyu ni mtu anayerudi dukani na balbu iliyoungua ili abadilishiwe. Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri.

Asubuhi nilichukua gari mwenyewe, kwa kuwa bima iko kwa jina langu. Nilipofungua mlango nikaona kiti cha dereva kimesogezwa mbele, karibu kabisa na usukani. Mume wangu ni mrefu. Pale magoti yake yasingeingia. Hata mimi nilibanwa. Kuna mtu mfupi aliyeliendesha gari letu, nikawaza, na mtu huyo nilimwona kichwani mwangu kama mwanamke, amekaa anacheka. Nilirudisha kiti nyuma kwa hasira.

Kwenye ofisi ya bima nilipewa fomu. Ilitaka kujua nani alikuwa akiendesha, wapi, na ilitokeaje. Nikampigia simu.

"Andika mimi," alisema.

"Wapi?"

"Pale karibu na Magu."

"Jana ulisema Kisesa."

"Ndiyo, Kisesa. Andika Kisesa."

Niliandika. Chini ya karatasi nikasaini kwamba yote ni kweli.

Mkaguzi wao, bwana wa makamo, alitoka nami mpaka kwenye gari. Alipitisha ukucha juu ya kioo kwa nje, polepole, kisha akaingia ndani akafanya vilevile.

"Mama, njoo uguse."

Nje palikuwa laini. Ndani, pale ufa ulipoanzia, ukucha wangu ulinasa kwenye kishimo.

"Jiwe la lori huacha shimo kwa nje," alisema. "Hiki kimegongwa kutoka ndani. Nani alikuwa ndani ya gari?"

Alinirudishia fomu yangu. "Sijaipokea bado. Nenda kaulize nyumbani."

Mume wangu aliporudi kula mchana, nilimkuta sebuleni na baba yangu. Baba alikuwa amekuja kwetu kutoka Kagera kutibiwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilikuwa nimepanga kusubiri mpaka tuwe wawili, lakini nilishindwa.

"Ni mwanamke gani uliyempa gari langu?"

"Mwanamke?" Alishangaa kweli, au alijua kushangaa.

"Kiti kimevutwa mbele. Kioo kimepigwa kutoka ndani. Usinitajie lori tena!"

Alimtazama baba, kisha sakafu. Baba akaweka kijiko chini.

"Mwache mwenzio, mwanangu. Ni mimi."

Nilikaa. Baba ni mfupi kuliko mimi. Daktari alikuwa amemkataza kuendesha, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimficha funguo. Alieleza kwamba jana, nikiwa sipo nyumbani, walikwenda wote Bujora. Barabara ya vumbi kule ilikuwa tupu, akamwomba mkwewe amwachie kidogo tu. Mbuzi wakakatiza, naye akawaona wakiwa wameshafika mbele ya gari. Akafunga breki. Bomba la chuma la banda, lililokuwa limelazwa katikati ya viti, likateleza mbele likapiga kioo. Hata hapo hakuuachia usukani mpaka nyumbani.

"Nilimwomba asikuambie," alisema baba. "Niliona aibu."

"Ningemkataliaje mzee?" mume wangu akauliza.

"Na mimi ungeniacha nisaini uongo?"

"Nilikuambia tusiende bima."

Ilikuwa kweli, na ikanichoma zaidi.

Kesho yake nilirudi kwa mkaguzi nikamweleza yote. Aliuliza kuhusu leseni ya baba. Ilikuwa imeisha muda siku nyingi. Akatikisa kichwa, akaichana fomu mbele yangu, akasema nimefanya vizuri kurudi. Fundi wa Igoma akatuwekea kioo kingine. Baba alikuja pia, akakaa kwenye benchi la fundi, akiuliza kila mara kama gundi imekauka.

Baada ya upasuaji alirudi kwao Kagera. Mume wangu aliniomba msamaha, nikamsamehe, nadhani. Ila bado zipo jioni ananieleza alikopita, nami baada ya chakula namuuliza tena, nione kama atataja mahali palepale.