Swali la Tisa

Miaka ile ya vita, mtaani kwetu Nyakabiga waliniita dokta wa wezi. Nilikuwa nasomea shahada ya udaktari katika elimu ya uhalifu. Profesa wangu yuko Ulaya, mimi nazunguka gerezani na fomu zangu kuwahoji wafungwa. Watu waliona kichekesho. "Na wezi pia wanasomewaka?" waliniuliza.

Asubuhi moja vijana wa doria wa mtaa walimkamata mwanamume mzima na betri ya gari. Nilipofika alikuwa amepiga magoti kando ya mtaro, sikio limechanika, damu inamtiririka shingoni. Mmoja ameshika nondo. Mwingine amebeba tofali kwa mikono miwili, anatafuta pa kulishushia. "Za mwizi arobaini!" umati ukapiga kelele.

Mimi si shujaa, sijawahi kuwa. Lakini nilichomoa fomu na kalamu. "Ngojeni," nikasema. "Mukimuua, maswali yangu atajibu nani?" Wakacheka. "Haya dokta, uliza, ila upesi!" Mtu alikuwa amekwenda kuwaita askari. Nilijua nikiendelea kuandika tu, ile nondo itatulia mpaka wafike.

Niliandika polepole makusudi. Umri? Miaka thelathini na moja. Umesoma mpaka darasa gani? La sita. Mara ya kwanza uliiba nini?

"Kuku ya mama mukwe," akasema.

Watu wakaangua kicheko, wallahi, hata mwenye tofali akaliweka chini. Nikajiona bingwa. Yule mtu akanitazama, pumzi zikaanza kumrudia. Alikuwa ameniamini.

Na mimi, mjinga mkubwa, nikateremka na karatasi kwa mazoea, kama vile tuko gerezani. Swali la tisa: "Unakaa wapi?"

Lilikuwa limeshanitoka. Naye akajibu kweli, kama alivyojibu mengine yote. Akataja mtaa wa upande wa pili, ule ambao vijana wake na wetu walikuwa wakirushiana mabomu ya mkono.

Kicheko kikakatika. "Kumbe! Huyu si mwizi, ni mupelelezi!"

"Apana! Tungojee askari!" nilipiga kelele. Nani anisikilize? Nondo ilitangulia, ikamvunja taya. Tofali likashuka mara tatu. Baada ya mara ya pili mguu wake ulikuwa bado unakwaruza mchanga. Damu iliruka mpaka kwenye fomu, mpaka kwenye suruali yangu.

Askari walikuja wakakuta nzi.

Mwenye nondo akanipiga begani. "Dokta, we ni mujanja! Sisi tuliona mwizi tu, we umemutoa siri kwa maneno." Wakanikalisha kwenye benchi la duka, wakaniagizia chai. Wote walikuwa wakinisifu na kunitazama usoni. Nilitaka kuwaambia kwamba nilikuwa namwokoa, lakini niliogopa, Mungu anisamehe, niliogopa sana. Nikasema asante, nikainywa ile chai yote.