Seva ya Bure

Mwenzangu alipopata kazi ng'ambo, nilibaki peke yangu katika chumba cha kompyuta cha kampuni yetu ya uchapishaji, mtaa wa River Road jijini. Kiti chake tulikirundikia maboksi ya karatasi.

Muda si mrefu seva, ile kompyuta kuu iliyohifadhi kazi zote za wateja, ikachakaa. Mpya ilipoletwa, mwenye kampuni alikuja akasimama mlangoni.

"Hii tunaweka mfumo gani wa kuiendesha? Ule wa kulipia ama ule wa bure?"

"Wa bure, Mzee. Ni imara, na ninaujua."

"Na ikikwama, utapigia nani simu?"

Mfumo wa kulipia una watu wake. Ukipiga, mtu anapokea. Wa bure, unazama mtandaoni kusoma maswali ya watu usiowajua, ukiomba mmoja wao awe alishakwama pale ulipokwama wewe.

"Nitaitengeneza mwenyewe."

"Haya. Lakini ujue ni wewe."

Ilikaa vizuri miezi kadhaa. Kisha asubuhi moja niliisasisha, ikakataa kuwaka. Huko mbele kaunta wateja walikuwa wanangojea kadi za harusi na vijitabu vya mazishi. Niliuliza mtandaoni, kimya. Nikamwandikia mwenzangu, kwake kulikuwa usiku, ujumbe haukusomwa.

Nikavuta kiti, nikasoma yale maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, mstari kwa mstari. Mwishowe nikaona: seva ilikuwa inatafuta diski ya ile seva kuukuu, niliyoichomoa nilipomaliza kunakili kazi za wateja. Nikafuta mstari ulioitaja diski hiyo, nikaizima, nikaiwasha tena.

"Imewaka!" nilisema kwa sauti, nikageuka. Maboksi tu.

Mzee alipopita nikamwambia, "Imerudi."

"Kwani ilikuwa imeenda wapi?" akauliza, simu sikioni, akaendelea na safari yake.

Jioni, chumbani kwangu Kangemi, nilimpigia mama huko Vihiga.

"Mama, leo nimefufua mashine."

"Ya kusaga?"

"Ya kompyuta. Ilikataa kabisa, nikaitengeneza peke yangu."

"Mungu asifiwe." Kisha akauliza, "Na huko chakula unakula na nani?"

Nikamwambia mboga ya sukuma iko motoni, nikate simu isije ikaungua. Jiko lilikuwa bado halijawashwa.